Mji Ukija, Mwenyeji Apone: Barua ya Wazi Kuhusu Vijiji Vinavyoingizwa Mjini

Kwa: Waziri mwenye dhamana ya Serikali za Mitaa, Waziri mwenye dhamana ya Ardhi, na Waheshimiwa Madiwani wa majiji, manispaa na halmashauri za miji, Tanzania Bara.

Yah: Ombi la kuambatanisha tarehe za huduma na kila tangazo la kupanua mipaka ya mji



Barua hii inaelekezwa kwa mamlaka zenye uwezo wa kusogeza mpaka wa mji, na hoja yake ni moja. Siku kijiji kinapotangazwa kuwa sehemu ya mji, wanakijiji hupoteza mamlaka yao juu ya ardhi kwa tarehe inayojulikana, ilhali maji, barabara, uzoaji wa taka na hati wanazoahidiwa kwa upande wa pili wa mizani havina tarehe yoyote. Kwa hiyo haki inataka tangazo lile lile linalosogeza mpaka libebe pia tarehe za huduma, na mamlaka ya wanakijiji yasiondoke kabla huduma hizo hazijafika.

Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba asilimia 34.9 ya Watanzania wanaishi mijini, kutoka karibu asilimia 30 mwaka 2012. Ongezeko hilo halitokani na watu kuhamia mjini pekee, wala na uzazi wa mjini pekee; sehemu yake inatokana na mji wenyewe kuhama, yaani mpaka kuwavuka watu ambao hawakutoka mahali walipozaliwa, wakalala wanakijiji na kuamka wakazi wa mtaa. Watu wa namna hiyo hawakuuchagua mji kama anavyouchagua kijana anayepanda basi na begi lake; mji ndio uliowafuata, na kwa desturi za nchi hii anayefuata mwenzake nyumbani ni mgeni, mwenye wajibu wa mgeni.

Maneno mawili yanahitaji kufafanuliwa kwanza, kijiji na mtaa, kwa kuwa katika mazungumzo ya kila siku huonekana kana kwamba yanatofautiana kwa msongamano wa nyumba tu. Kijiji, kwa mujibu wa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982, ni eneo lililosajiliwa ambalo chombo chake kikuu ni mkutano mkuu wa kijiji, yaani mkusanyiko wa wakazi wote waliotimiza umri wa miaka 18, na ambalo huendeshwa na halmashauri ya kijiji yenye wajumbe kati ya 15 na 25. Halmashauri hiyo ni mtu wa kisheria, maana yake inaweza kumiliki mali, kuingia mikataba, kushtaki na kushtakiwa kwa jina lake yenyewe, na inaweza kutunga sheria ndogo zikaidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Mtaa, ambao uko chini ya sheria dada ya Mamlaka za Miji ya mwaka huo huo, una mwenyekiti wa kuchaguliwa, kamati ndogo na mkutano wa wakazi, lakini hauna hadhi hiyo ya kisheria wala ardhi ya kusimamia. Kimsingi ni mkono wa halmashauri ya mji uliofika karibu na watu.

Tofauti hiyo huonekana vizuri zaidi mezani kuliko kwenye vitabu vya sheria. Katika ofisi ya kijiji, ambayo mara nyingi ni chumba kimoja chenye madirisha ya mbao, muhuri hukaa pamoja na daftari la mihtasari na rejesta ya ardhi ya kijiji, na mtu akiomba shamba, ombi lake hupita kwenye halmashauri ya kijiji kisha husomwa mbele ya mkutano mkuu, ambako jirani yeyote anayejua kwamba mpaka unaotajwa si huo aweza kusimama na kusema. Kijiji kikishageuzwa mtaa, meza hubaki ile ile na hata mwenyekiti anaweza kubaki yule yule, lakini muhuri hubadilishwa maneno, rejesta ya ardhi hukosa kazi, na sehemu kubwa ya shughuli inayobaki ni kuandika barua za utambulisho kwa anayefungua akaunti benki au anayekwenda kumwekea ndugu dhamana polisi. Uuzaji wa viwanja huendelea, tena kwa kasi kuliko awali, ila sasa mwenyekiti hushuhudia mauziano asiyo na mamlaka ya kuyaamua, na mkutano mkuu uliokuwa ukiuliza maswali haupo tena.

Msingi wa mabadiliko hayo uko kwenye sheria za ardhi. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, ziligawa ardhi yote ya umma katika makundi matatu: ardhi ya hifadhi, ardhi ya vijiji, na ardhi ya jumla ambayo husimamiwa na Kamishna wa Ardhi na ambamo miji imo. Katika ardhi ya kijiji, mkazi huwa na hakimiliki ya kimila, ambayo kwa raia inaweza kuwa ya muda usio na ukomo na ambayo kwa sheria ina hadhi sawa na hakimiliki inayotolewa na Kamishna. Kijiji kikiwa mji, mkazi aliye katika eneo lililopangwa na kupimwa anaweza kupata hati ya miaka hadi 99, lakini aliye katika eneo ambalo halijapimwa, na hiyo ndiyo hali ya wengi kwa miaka mingi, anachoweza kupewa ni leseni ya makazi, ambayo Sheria ya Ardhi inaiwekea ukomo wa miaka mitano. Mtu aliyekuwa na haki isiyo na mwisho hujikuta na karatasi ya kuhuisha mara kwa mara, juu ya ardhi ile ile, chini ya mwembe ule ule.

Mahakama nazo zimelitazama jambo hili kwa macho yasiyofanana. Katika shauri la Mwanza lililoripotiwa mwaka 1988, Mahakama Kuu iliona kwamba mwenye haki ya kimila ndani ya mji ana haki ya kweli ambayo haiwezi kutwaliwa na kupewa mwingine bila yeye kufidiwa. Katika shauri jingine lililoripotiwa mwaka 1990, Mahakama Kuu hiyo hiyo ilisema kwamba haki ya kimila na hakimiliki ya kutolewa haziwezi kukaa pamoja katika eneo la mipango miji, na kwamba eneo likishatangazwa na kupimwa viwanja, mwenye ardhi kwa mila asiyewahi kuomba kumilikishwa hugeuka kuwa mvamizi. Mwaka 1994, katika kesi mashuhuri ya Lohay Akonaay, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali iliamua kwamba haki ya kimila ni mali inayolindwa na Katiba na haiondolewi bila fidia ya haki. Uamuzi huo wa mwisho ndio mkubwa, lakini neno lililotumika mwaka 1990, mvamizi, halijatoka midomoni mwa watu, na bado husikika likitumiwa kwa mzee ambaye makaburi ya babu zake yako nyuma ya nyumba yake.

Ni kweli kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji haikuwaacha wanakijiji mikono mitupu. Kifungu chake cha 4 kinaeleza hatua za kuhamisha ardhi ya kijiji kuwa ardhi ya jumla: taarifa itolewe, wanakijiji wapate nafasi ya kujieleza, na ardhi isihamishwe mpaka aina ya fidia, kiasi chake, namna ya kulipwa na wakati wa kulipwa vimekubaliwa. Tatizo ni kwamba njia ya kubadili utawala ni nyingine. Pendekezo la kijiji kuwa mtaa au la mji kupanua mipaka hupitia mkutano wa kijiji, Kamati ya Maendeleo ya Kata, Baraza la Madiwani, Kamati ya Ushauri ya Wilaya na Kamati ya Ushauri ya Mkoa, kisha hufika wizarani na kutangazwa katika Gazeti la Serikali. Katika safari hiyo yote, swali linaloulizwa huwa moja, kama watu wanataka mji, na ndani yake mna maswali mawili yaliyofungwa pamoja: kama wanataka huduma za mji, na kama wanakubali kuacha mamlaka yao juu ya ardhi. Anayenyoosha mkono kwa ajili ya bomba la maji huhesabiwa kuwa amenyoosha mkono kwa yote mawili.

Maofisa wa ardhi wana neno lao kwa hatua inayofuata: husema eneo limeiva kwa upangaji. Neno hilo limechaguliwa vizuri kuliko lilivyokusudiwa, kwa sababu kila kinachoiva kina aliyekipanda, na swali la kwanza la mavuno katika kila jamii ya wakulima ni nani atakayekula. Mifano mitatu inaonyesha jinsi swali hilo lilivyojibiwa.

Mfano wa kwanza ni Dodoma. Baada ya uamuzi wa mwaka 1973 wa kuhamishia makao makuu huko, iliundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, iliyojulikana kama CDA, ambayo kwa zaidi ya miaka 40 ilikuwa ndiyo mpangaji, mpimaji na mgawaji wa ardhi katika eneo kubwa lililozungukwa na vijiji vya Wagogo, na ambayo iliwapa waliogawiwa ardhi hati za miaka 33. Mamlaka hiyo ilivunjwa Mei 2017 baada ya malalamiko ya miaka mingi kuhusu ardhi, kazi zake zikahamishiwa manispaa, na tarehe 26 Aprili 2018 Dodoma ikatangazwa kuwa jiji. Idadi ya watu ilipanda kutoka 410,956 mwaka 2012 hadi 765,179 mwaka 2022. Mtumba, ambako zamani palikuwa mashamba, sasa ni Mji wa Serikali. Na barabara ya mzunguko wa nje, yenye urefu wa kilomita 112.3, imepita katika viunga ambako mtama, uwele na zabibu vilikuwa ndiyo mandhari.

Zabibu zinastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu zinaonyesha kile ambacho daftari la uthamini hulipita kwa haraka. Mzabibu wa Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, na ukitunzwa huzaa kwa miaka mingi, hivyo shamba la nusu ekari lenye mistari iliyonyooka ya nguzo na waya si mazao yaliyo ardhini tu bali ni mshahara wa nyumba, ada ya shule ya Januari na dhamana kwa mwenye duka. Mthamini huhesabu mashina na kuyapa bei. Sheria ya Uthamini ya mwaka 2016 inataka fidia ilipwe ndani ya miezi sita tangu uthamini kuidhinishwa, na hilo ni jambo jema, lakini hata fidia iliyolipwa kwa wakati hulipa mashina na haimpi mkulima mahali pengine pa kuyapanda, kwa kuwa ardhi inayolingana na ile iko mbali zaidi, katika kijiji kingine ambacho nacho kinasubiri zamu yake ya kuiva.

Mfano wa pili ni Gezaulole, kusini mwa Kigamboni, kando ya Bahari ya Hindi. Jina lenyewe ni la Kizaramo na maana yake ni jaribu uone. Palikuwa miongoni mwa vijiji vya ujamaa vya mwanzo katika eneo la Dar es Salaam, ambako watu walikusanywa ili wakae pamoja kwa ahadi kwamba wakikaribiana huduma zitawafikia. Miongo mitatu baadaye eneo hilo hilo liliingia katika Mradi wa Viwanja 20,000, ulioanza mwaka 2002, pamoja na Kibada, Mwongozo, Buyuni, Mwanagati, Bunju na maeneo mengine ya pembezoni. Mradi ulikuwa na faida ya kweli, kwa kuwa uliweka barabara na viwanja mahali ambapo bila hivyo pangejaa nyumba zisizo na njia. Hata hivyo mawe ya mipaka, ambayo watu huyaita bikoni, yalifika mapema sana kuliko mabomba na nguzo za umeme, na viwanja vingi vikabaki miaka mingi vichaka vyenye namba. Mahali pamoja pamejaribu mara mbili ndani ya kizazi kimoja, mara ya kwanza kwa jina la kijiji na mara ya pili kwa jina la mji, na mara zote mbili watu walitangulia, huduma zikafuata nyuma kwa hatua za kinyonga.

Mfano wa tatu ni wa jirani. Nairobi ilipopanuliwa mwaka 1963, eneo lake lilikua kutoka chini ya kilomita za mraba 100 hadi karibu kilomita za mraba 690, na ndani ya mstari huo mpya ikaingia Dagoretti, iliyokuwa nchi ya mashamba ya Wakikuyu na sehemu ya Kiambu. Ramani ilibadilika kwa mara moja. Mabomba ya majitaka yaliendelea kwa miongo mingi kufuata mitaa ya zamani ya mji kuliko mashamba yaliyoingizwa. Hakuna nia mbaya inayohitajika ili jambo hilo litokee. Mstari wa ramani huchorwa kwa kalamu, na bomba huchimbiwa kwa bajeti, na penye vyombo viwili vya mwendo tofauti kile chepesi hutangulia daima.

Kuna kitu kimoja hata hivyo ambacho mji hukipeleka pembezoni bila kuchelewa, nacho ni taka. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata, Dar es Salaam, walilishtaki Jiji kwa kumwaga taka katikati ya makazi yao, na Mahakama Kuu ikawapa haki. Baada ya kesi hiyo dampo lilihamia Vingunguti, baadaye Mtoni, na hatimaye Pugu Kinyamwezi, kila mara likifuata ukingo wa mji kadiri ukingo ulivyosogea. Ushindi wa Tabata ulikuwa wa haki kabisa, lakini somo lake kwa vijiji vya pembezoni ni zito: mkazi wa ukingoni hupokea taka za katikati kabla gari la kuzoa taka zake mwenyewe halijaanza kupita.

Gharama nazo hubadilika siku ile ile ambayo hadhi hubadilika. Mfano ulio wazi kuliko yote ni umeme. Kwa bei zilizorejeshwa mwanzoni mwa mwaka 2022, kuunganishiwa umeme wa njia moja kijijini kuligharimu shilingi 27,000, na mjini, kwa mteja aliye ndani ya mita 30 kutoka kwenye nguzo, shilingi 320,960, karibu mara 12. Nyumba ya tofali za udongo iliyo katikati ya mihogo haigeuki kuwa ya mjini kwa sababu ya tangazo, wala kipato cha mwenye nyumba hakiongezeki mara 12, na ndiyo maana wabunge wengi walisimama wakati huo kuuliza mtaa wenye sura ya kijiji uhesabiwe wapi. Aidha kodi ya majengo, ambayo kwa asili ni kodi ya maeneo ya mijini, tangu Agosti 2021 hukatwa wakati wa kununua umeme wa LUKU. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Kiasi chenyewe si kikubwa, lakini mlipaji anaposoma ujumbe wa simu na kuona makato kabla ya kuona uniti, anayo haki ya kuuliza ni barabara ipi, mtaro upi au taa ipi ya mtaani inayolipiwa na makato hayo mahali alipo.

Maji yana mkanganyiko wa aina yake. Chini ya Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019, maji ya vijijini yako chini ya Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini (RUWASA) na vyombo vya watumiaji maji vya jamii, yaani vikundi vya wanakijiji vinavyoendesha kisima au mradi, kukusanya fedha na kutengeneza pampu ikiharibika. Maji ya mijini yako chini ya mamlaka za maji za miji. Kijiji kinapovuka mpaka, chombo cha watumiaji hupoteza uhalali wake wakati mamlaka ya mji haijafika, na katika kipindi hicho pampu ikikorofisha hakuna anayejua funguo zinatakiwa kuwa kwa nani. Inafaa kukumbuka pia kwamba maji mengi ya Jiji la Dodoma yenyewe hutoka visima vya Mzakwe katika bonde la Makutupora, yaani mji hunywa kutoka pembezoni; itakuwa ajabu iwapo pembezoni ndiko kutakakosa pa kunywa kutoka mjini.

Wapo watakaosema, tena kwa sababu nzuri, kwamba mji usipopanua mipaka mapema watu watajenga bila mpango, na kwamba Dar es Salaam, ambako inakadiriwa zaidi ya asilimia 70 ya wakazi wanaishi katika makazi yasiyopangwa, ndiyo ushahidi wa kuchelewa. Hoja hiyo ina uzito na barua hii haiipingi. Kupima kabla ya kujenga ni nafuu kuliko kubomoa ili kupitisha barabara, na urasimishaji, yaani kuyapanga na kuyapima makazi ambayo watu wameshayajenga, mara nyingi huwarudishia wakazi mzigo wa kuchangia gharama na wa kukubaliana nani amege ukuta wake ili njia ipite. Lakini kupanga mapema na kunyang'anya mapema ni mambo mawili. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka huo huo zinatoa nafasi ya kupanga kwa kushirikiana, na kijiji chenye mpango wake wa matumizi ya ardhi kinaweza kuacha njia za barabara, maeneo ya shule na ya masoko kabla ya kuwa mji, kwa uamuzi wa mkutano wake wenyewe. Kijiji kilichopangwa na wenyewe ni urithi mwepesi kwa mji; kijiji kilichopokonywa sauti huingia mjini na kesi zake zote.

Yapo pia manufaa ya kweli ambayo wanakijiji wanayataka. Hati ya miaka 99 hukubalika benki kwa urahisi kuliko hati ya kimila, thamani ya kiwanja hupanda, shule na vituo vya afya hupata walimu na waganga ambao hawakubali kwenda mbali, na kijana aliyezaliwa hapo hupata soko la mchicha, matofali na bodaboda mlangoni pake. Wanakijiji wanaijua faida hiyo, na wengi wao wanautaka mji. Wanachokosa ni uwezo wa kuudai mji utimize, kwa kuwa chombo ambacho kingedai kwa jina lao, chenye uwezo wa kushtaki mahakamani, ndicho kinachofutwa siku ya kwanza.

Kwa sababu hizo, mamlaka zinazotajwa mwanzoni mwa barua hii zinaombwa kuzingatia mambo matano.

La kwanza, kila tangazo la kupanua mipaka ya mji au kugeuza kijiji kuwa mtaa liwe na kiambatisho cha huduma, yaani ukurasa unaotaja kijiji kwa kijiji ni lini maji yatafika na ni mamlaka ipi itakayoyafikisha, ni barabara zipi Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA) itazifungua na katika mwaka upi wa fedha, gari la taka litaanza kupita lini, na upimaji utakamilika lini. Ahadi isiyo na tarehe na isiyo na jina la mhusika haitekelezwi kwa sababu hakuna wa kuulizwa.

La pili, mkutano mkuu wa kijiji uulizwe maswali mawili mbalimbali, moja la utawala na jingine la ardhi, kila moja na muhtasari wake, na hatua za kifungu cha 4 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji zifuatwe kwa ukamilifu badala ya kuchukuliwa kuwa zimetimia kwa sababu tu utawala umebadilika.

La tatu, hakimiliki za kimila zitambuliwe na kuandikwa kabla ya mpaka kusogea, ili mwenye shamba aingie mjini akiwa mmiliki anayejulikana, na upimaji utakapofanyika ageuziwe hati bila malipo ya kununua upya kilicho chake. Pale ambapo shamba litakatwa viwanja, utaratibu wa kugawana viwanja kati ya mwenye shamba na halmashauri, ambao tayari unatumika katika baadhi ya miradi ya kupanga, kupima na kumilikisha, upewe kipaumbele kuliko fidia ya fedha, kwa kuwa humwacha mwenyeji na sehemu ya thamani inayopanda.

La nne, kuwe na kipindi cha mpito ambacho bei ya kuunganishiwa umeme, kodi ya majengo na masharti ya ufugaji na kilimo hubaki ya kijijini mpaka huduma iliyotajwa katika kiambatisho iwe imefika, na katika kipindi hicho halmashauri ya kijiji, baraza la ardhi la kijiji na vyombo vya watumiaji maji viendelee kuwapo kisheria. Baraza la ardhi la kijiji, ambalo lina wajumbe saba na kati yao wanawake si chini ya watatu, lina thamani ya pekee wakati huu, kwa kuwa mauzo yanapoongezeka ndipo wajane na mabinti wanapopokonywa mashamba na ndugu waliosikia bei.

La tano, mali za pamoja za kijiji, yaani malisho, makaburi, visima, shamba la kijiji, uwanja wa mpira na miti ya tambiko, ziorodheshwe hadharani na kuingizwa katika mchoro wa mipango miji kama maeneo ya umma yasiyouzika, kwa sababu mali isiyo na mtu wa kisheria wa kuidai ndiyo ya kwanza kukatwa kiwanja.

Hakuna lolote kati ya hayo linalohitaji sheria mpya kabisa ili lianze. Baraza la madiwani linaweza kuamua leo kwamba halitapitisha pendekezo la kupanua mipaka lisilokuwa na kiambatisho cha huduma, na wizara inaweza kukataa kutangaza pendekezo la namna hiyo.

Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone, na maana yake ni kwamba mgeni mwema huja na kitu mkononi, au walau ujio wake humletea mwenyeji nafuu. Tanzania Bara ina vijiji zaidi ya 12,000, na vile vilivyo jirani na miji vitapokea ugeni huu kimoja baada ya kingine. Wenyeji wameshazoea kufagia uwanja na kutandika mkeka. Wanachoomba safari hii ni kwamba mgeni ataje kabla ya kuketi alichokuja nacho na siku atakayokitoa, na kwa kazi hiyo Gazeti la Serikali lina nafasi ya kutosha kwa ukurasa mmoja zaidi.